Wasomaji Wauliza: Maisha ya mtu aliyetaka kumuua Roosevelt

Katika toleo lililopita tuliandika juu ya wageni mashuhuri waliopitia pwani yetu, akiwemo Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliyeshuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 kutoka meli ya Kijerumani Admiral. Tulidokeza kwa sentensi moja tu kwamba miaka mitatu na nusu baadaye alipigwa risasi akapona. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe, na nyingi zimetoka Lamu. Hizi hapa baadhi yake pamoja na majibu.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanataka kujua: aliyempiga risasi alikuwa nani, alitumwa na nani, na aliishia wapi? Vitabu tulivyo navyo vinamtaja jina tu.
*Mwalimu wa historia, Mkomani*

Mwalimu, jina lake ni John Schrank, na hakutumwa na mtu. Alizaliwa Erding, Bavaria, tarehe 5 Machi 1876, akapelekwa Marekani angali mtoto. Alilelewa New York na jamaa zake, mume na mke waliokuwa na baa na nyumba za kupangisha, akafanya kazi hapo hapo baani. Walipofariki walimwachia mali ya kumtosha kuishi kwa utulivu. Kwa maelezo yake mwenyewe, msichana aliyempenda alikufa katika ajali ya meli General Slocum, iliyoshika moto katika mto wa East River tarehe 15 Juni 1904 na kuua watu zaidi ya 1,000, wengi wao Wajerumani wa mtaa mmoja. Baada ya hapo aliuza alichorithi, akawa mtu wa kupanga vyumba, kutembea usiku peke yake, kusoma Biblia na kuandika mashairi. Majirani walimjua kwa ubishi wa dini na siasa. Hakuwahi kumpiga mtu wala kuiba.

Wanafunzi wako wasipite haraka hapa, maana wengi wanatazamia muuaji awe jambazi tangu utotoni. Schrank alikuwa mpole na mwenye adabu. Kilichoharibika kilikuwa ndani yake, na kiliharibika taratibu.

Aliandika kwamba usiku wa tarehe 15 Septemba 1901, saa saba na nusu, aliota anamwona Rais William McKinley akiinuka jenezani na kumnyooshea kidole mtu aliyevaa joho la mtawa. Uso wa mtu huyo ulikuwa wa Roosevelt. Maiti akasema, huyu ndiye aliyeniua, nilipizie kisasi. McKinley alikuwa amekufa siku moja tu kabla, kwa risasi ya mtu mwingine kabisa, na Roosevelt, makamu wake, akachukua kiti. Ndoto ile ilikaa miaka kumi na moja bila kuzaa tendo. Kisha mwaka 1912 Roosevelt, aliyeondoka madarakani mwaka 1909, akarudi kugombea kwa chama kipya cha Progressive. Tarehe 14 Septemba 1912, saa ile ile ya saba na nusu usiku, Schrank akiwa anaandika shairi, alihisi mtu anamgusa bega, akasikia sauti ile ile ikimwambia asikubali muuaji akalie kiti cha urais.

Wiki moja baadaye aliondoka New York na bastola. Kwa majuma matatu alimfuata mgombea mji hadi mji, kusini kisha magharibi. Chattanooga alishindwa, Chicago alishindwa: mara mgombea katokea mlango mwingine, mara yeye mwenyewe kapoteza ujasiri. Tarehe 14 Oktoba, mjini Milwaukee, kama saa mbili usiku, Roosevelt alitoka hoteli ya Gilpatrick, akapanda gari lililo wazi, akasimama kuwapungia watu. Schrank alifyatua risasi moja. Kabla hajafyatua ya pili, karani wa Roosevelt, Elbert Martin, aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani, alimrukia akamwangusha. Umati ulitaka kumuua hapo hapo. Aliyewazuia ni Roosevelt, akisema asiumizwe, aletwe mbele yake amtazame usoni.

Baada ya hapo maisha yake ni mafupi kusimulia ingawa yalikuwa marefu kuishi. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Oshkosh, kisha ile ya Waupun ya wagonjwa waliotenda uhalifu, zote katika jimbo la Wisconsin. Hakutoka tena. Roosevelt alikufa Januari 1919. Schrank alikufa Waupun tarehe 15 Septemba 1943, baada ya karibu miaka 31 kizuizini, na maiti yake ikapewa chuo cha udaktari.

Jambo moja la kujadili darasani. Alipokamatwa alisema hakukusudia kumuua raia Roosevelt, alikusudia kumuua Roosevelt mtaka muhula wa tatu. Wakati ule katiba ya Marekani haikuweka kikomo, ilikuwa desturi tu tangu Rais wa kwanza, Washington. Kikomo kiliingia katika katiba mwaka 1951, na kwetu Kenya kimo katika kifungu cha 142 cha katiba ya 2010. Kwa hiyo hoja ya mihula miwili ilikuwa hoja halali, yenye watetezi wengi wenye akili zao timamu. Wanafunzi wazitenganishe hoja na sauti ya maiti. Mtu mgonjwa hachukui fikra kutoka hewani, huchukua zile zinazozungumzwa vibarazani na magazetini wakati wake, na ugonjwa ukazigeuza ziwe amri.

Nimesikia Roosevelt aliendelea kuhutubia na risasi kifuani. Hili linawezekana kweli, au ni chuku za wanasiasa?
*Msomaji, Matondoni*

Ni kweli, na sababu zake zaeleweka. Risasi ilipita kwanza koti zito, kisha hotuba iliyokuwa katika mfuko wa ndani wa koti upande wa kulia: kurasa 50 zilizokunjwa mara moja, yaani tabaka 100 za karatasi. Nyuma ya karatasi kulikuwa na kasha la chuma la miwani. Kila kizuizi kiliinyang'anya risasi kasi. Ilipofika mwilini ilikuwa imebakiwa na nguvu ya kupasua nyama na kukwama karibu na ubavu wa nne, haikupenya hadi kwenye pafu. Lau ingeingia bila vizuizi, madaktari walisema, asingefika jukwaani.

Roosevelt aliwahi kuwa askari na mwindaji, akajipima mwenyewe kwa kukohoa kiganjani. Hakukuwa na damu mdomoni, akaamua pafu ni zima. Kipimo hicho ni dalili tu, hakitoshi, na leo hakuna daktari angemruhusu. Alihutubia kwa karibu saa moja na nusu, shati limelowa damu, akiwaonyesha watu karatasi zilizotobolewa. Baadaye eksirei ilionyesha risasi ilipo, akapewa sindano ya kuzuia pepopunda, na madaktari wakaamua kuiacha. Alizikwa nayo.

Wasomaji wengi hushangaa kwa nini iliachwa. Mfano ulikuwa mbele ya macho yao. Rais James Garfield alipigwa risasi tarehe 2 Julai 1881, na madaktari wakaingiza vidole na vyombo visivyosafishwa kidondani mara kwa mara wakitafuta risasi. Usaha ulimwenea, akafa baada ya siku 79. McKinley alifanyiwa upasuaji mwaka 1901, risasi haikuonekana, akafa siku ya nane kwa kuoza kwa ndani. Risasi iliyotulia mbali na moyo, mishipa mikubwa na viungo vya mwili, isiyoleta usaha, mara nyingi hudhuru kidogo kuliko kisu cha kuitafuta. Kanuni hiyo ingali inafuatwa. Na kwa yeyote anayemhudumia majeruhi kisiwani kabla boti haijafika: bana jeraha kwa kitambaa safi, usichokore.

Walinzi wake walikuwa wapi?
*Kijana wa Shela*

Hakuwa na walinzi wa serikali. Idara ya Secret Service ilianza kumlinda rais aliyeko madarakani baada ya kifo cha McKinley, lakini rais mstaafu na mgombea hawakuhesabiwa. Wagombea walianza kulindwa mwaka 1968, baada ya Robert Kennedy kuuawa. Ndiyo maana aliyemwokoa Roosevelt ni karani.

Mimi nasomea sheria. Kama Schrank alijua anachofanya, akapanga safari, akabeba silaha, mahakama ilimwitaje mwendawazimu? Na kesi kama hiyo ingeendaje hapa Kenya?
*Mwanafunzi, Langoni*

Swali zuri, na watu wengi hulikosea kwa sababu huchanganya maswali mawili. La kwanza: je, wakati wa tendo, mshtakiwa alikuwa na akili ya kuwajibika? La pili: je, leo, amesimama kizimbani, anaweza kuelewa kesi na kumwelekeza wakili wake? Mtu anaweza kufaulu moja akaanguka jingine.

Milwaukee waliamua kwa swali la pili. Jaji aliteua madaktari watano wa magonjwa ya akili wamchunguze. Walisema ana dhana potofu za kujikweza, anajiona chombo cha Mungu, kwamba tendo lake lilitoka moja kwa moja katika dhana hizo, na kwamba kwa sasa hawezi kushauriana na wakili ipasavyo. Basi hakuhukumiwa, alifungiwa hospitalini hadi apone. Hakupona. Na usidhani alikwepa kitanzi: Wisconsin ilifuta hukumu ya kifo mwaka 1853. Kwa hesabu ya miaka, huenda angetoka mapema zaidi kama angepatikana na hatia ya kujaribu kuua.

Swali la kwanza lina mizizi katika jaribio jingine la kumuua mwanasiasa. Tarehe 20 Januari 1843 huko London, Daniel M'Naghten, Mskochi fundi wa kuchonga mbao, alimpiga risasi Edward Drummond. Inaaminika alidhani huyo ni Waziri Mkuu Robert Peel, kumbe Drummond alikuwa karani wa Peel. M'Naghten aliamini chama cha Tory, ndicho chama cha Peel, kinamwandama kila aendako. Mahakama ilimwona hana hatia kwa sababu ya wazimu, akafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, watu wakakasirika, na majaji wakatakiwa waandike kanuni. Kanuni hiyo ilisafiri na ukoloni hadi kwetu. Isome katika kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya: mtu hawajibiki ikiwa, kwa ugonjwa unaoathiri akili, wakati wa tendo hakuweza kuelewa anachofanya, au hakuweza kujua kwamba hapaswi kukifanya. Kifungu cha 11 kinaanza kwa kumchukulia kila mtu kuwa timamu, kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa utetezi.

Sasa mpime Schrank. Alijua bastola ni bastola. Alijua polisi watamkamata. Wakili wa serikali angesema basi alijua. Utetezi ungejibu kwamba mtu anayeamini ameamriwa na Mungu hawezi kujua kwamba hapaswi. Hapo ndipo kesi za namna hii hushindwa au kufaulu, na ripoti ya daktari isiyogusa maneno hayo ya kifungu haina msaada. Kosa tunaloliona mara nyingi ni ripoti ya mistari miwili: "anaugua, yuko kwenye dawa". Wakili na aombe ripoti inayosema hali ilikuwaje siku ya tendo, imejulikanaje, na ndugu wamesema nini.

Kwa utaratibu, mahakama ikishuku mshtakiwa hana akili timamu kwa sasa, huchunguza chini ya kifungu cha 162 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Akiwa alitenda lakini hakuwajibika, kifungu cha 166 huleta uamuzi wa "ana hatia lakini ni mwendawazimu", na kwa maandishi ya kifungu huzuiliwa kwa ridhaa ya Rais. Majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wamekikosoa kizuizi kisicho na mwisho wa kujulikana, nasi tunaona wana haki: ugonjwa unatibika, na mtu aliyetibiwa anastahili tarehe ya kuangaliwa upya. Akiwa timamu, kujaribu kuua ni kifungu cha 220, adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Akimlenga Rais wa nchi, mashtaka yaweza kuwa uhaini chini ya kifungu cha 40.

Nina mtoto wa ndugu yangu, umri wake 24. Tangu mwaka jana hakai tena barazani, halali, na anajaza madaftari habari za mwanasiasa mmoja. Anasema redio inamtaja yeye. Hajamtishia mtu. Wenzangu wanasema niache, ni siasa tu. Nifanye nini?
*Mama wa mjini Lamu*

Mama, usiache. Hatusemi kijana wako ataua mtu. Wagonjwa wengi mno wa akili hawamgusi mtu maisha yao yote, na huumizwa wao zaidi kuliko wanavyoumiza. Tunasema anaumwa, na uliyoyataja, kukosa usingizi, kujitenga, redio kumtaja, yanatosha kumpeleka hospitali hata kama asingeandika neno juu ya mwanasiasa.

Kuhusu "hajamtishia mtu", wataalamu wawili, Fein na Vossekuil, walichapisha mwaka 1999 uchunguzi wa watu 83 waliowashambulia au kuwakaribia kwa nia ya kuwashambulia watu mashuhuri Marekani tangu 1949. Chini ya mmoja kati ya kumi alikuwa amempelekea mlengwa au polisi kitisho cha wazi. Lakini wengi walikuwa wameacha alama kwa walio karibu: ndugu, rafiki, daftari. Arthur Bremer, aliyempiga risasi Gavana George Wallace tarehe 15 Mei 1972 na kumpoozesha miguu, alikuwa na daftari kama hilo, na alikuwa amemwandama kwanza Rais Nixon hadi Ottawa akakosa nafasi. Kutafuta sura ya muuaji hakusaidii kitu, kwani hawana sura moja. Tazama mwendo.

Mtu anayefoka barazani kwamba fulani afe, kisha akanywa kahawa yake akaenda kulala, ana hasira. Wa kuhofiwa ni anayeanza kufuatilia ratiba ya mtu, kuulizia atalala wapi na atapita njia gani, kuuza au kugawa vitu vyake, kuaga kwa maneno yasiyoeleweka, kusafiri bila sababu, kutafuta silaha, au kusema ameamriwa. Schrank alifanya karibu yote hayo, na hakuwa na shangazi wa kumtazama.

Zungumza naye mkiwa wawili, mahali tulivu. Usibishane juu ya redio: ukimwambia ni uongo utamfunga mdomo, ukimwambia ni kweli utamzidishia. Mwambie unaona halali na anateseka. Kisha muulize waziwazi: unafikiria kujidhuru? unafikiria kumdhuru mtu? sauti zinakuamuru? Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Ondoa nyumbani mapanga yasiyo na kazi, dawa za panya na za shambani. Usiyachome madaftari, mwonyeshe daktari kurasa chache.

Nenda hospitali ya King Fahd hapa mjini, mchana na siku ya kazi, ili umkute mhudumu wa afya ya akili. Wanaotoka Faza au Kizingitini wasimpandishe boti mgonjwa akiwa amechafukwa: ngojeni atulie, mwende na wanaume wawili anaowapenda, akae katikati ya boti, mbali na injini, na msisafiri bahari ikichafuka. Msimfunge kamba, boti ikipinduka hatajiokoa. Chukueni kitambulisho, namba ya usajili wa SHA (bima ya afya ya serikali), na karatasi yenye tarehe dalili zilipoanza, dawa alizowahi kutumia, na kama anatafuna miraa au muguka au anavuta bangi, kwa sababu vyote hivyo vyaweza kuchochea hali hii na daktari atauliza. Ikihitajika rufaa, Port Reitz huko Mombasa ina wodi ya magonjwa ya akili. Akikataa kabisa naye ni hatari kwake au kwa mtu, Sheria ya Afya ya Akili inawaruhusu jamaa kuomba alazwe bila hiari yake. Ukiona silaha pamoja na mpango, nenda polisi siku hiyo hiyo, na useme mwanzo kabisa kwamba huyu ni mgonjwa.

Dawa hazifanyi kazi kwa siku moja. Usingizi hurudi kwanza, dhana zile hulegea baada ya majuma kadhaa. Mambo huharibika mwezi wa pili au wa tatu: amependeza, amerudi barazani, familia inaona yamekwisha, dawa zinaachwa, na ugonjwa unarudi, mara nyingi ukiwa mkaidi zaidi. Baada ya ugonjwa kumshika mara ya kwanza madaktari hutaka dawa ziendelee mwaka mmoja au zaidi. Asipokumbuka vidonge, ulizia sindano ya mwezi.

Kwetu mtu kama Schrank angepelekwa kwa mwalimu akasomewe. Je, tumekosea?
*Mzee wa Siyu*

Mzee wetu, kisomo hakigombani na dawa. Mgonjwa akisomewa, akinywa kombe la zafarani na marashi, akakaa na watu wanaomwombea, anapata utulivu ambao hospitali haina. Ubaya uko katika mambo matatu: kumfunga minyororo, kumpiga ili pepo atoke, na kumwambia aache vidonge. Mwalimu mwema hafanyi hata moja, na wapo wanaotuma wagonjwa hospitali wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo kila mwalimu wa kisomo na kila familia wanapaswa kulijua. Dawa za ugonjwa wa akili kama haloperidol, katika siku chache za mwanzo, zinaweza kumkaza mgonjwa misuli ghafla: shingo inapinda, macho yanapanda juu na kuganda, ulimi unakuwa mzito. Wengi wakiona hivyo husema pepo amepanda kwa kuchukia dawa, wakazitupa. Ni athari ya dawa. Hutulizwa kwa sindano, au kwa kidonge cha benzhexol, mara nyingi ndani ya saa moja. Mrudisheni hospitali mara moja, hasa akipata taabu ya kupumua au kumeza, na mwombeni daktari abadilishe kipimo au dawa. Ramadhani ikikaribia, ulizeni mapema vidonge vihamishiwe futari na daku. Anayetumia lithium asifunge kabla hajamwona daktari, kwa sababu mwili ukikaukiwa maji dawa hiyo hupanda katika damu na inaweza kumdhuru vibaya.